Ni nani alilalamika mpaka wakatoa swichi ya sailenti pembeni mwa simu?

#1 Mvuvi_wa_Nyuzi (Kisumu)

Hamjambo wadau.

Jana nilikuwa mazishini upande wa Nyakach, tunamzika baba mdogo wa rafiki yangu. Hema limejaa hadi wengine wamesimama juani, padri ameanza sala. Nikakumbuka simu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakipapasa kile kitufe cha ubavuni, nikakishikilia mpaka ikatetemeka, kisha nikakunja mikono kama muungwana. Haikupita dakika tano, mfuko wangu ukaanza kupiga muziki wa ohangla.

Usiku nilikaa nikayapanga mambo, nikaona kosa lilipo. Simu ilikuwa sailenti tangu asubuhi. Niliinyamazisha ndani ya matatu kabla hatujafika Ahero, nikasahau. Kwa hiyo pale hemani sikuwa nainyamazisha. Nilikuwa naifungua mdomo.

Simu yangu ya zamani ilikuwa na swichi ya kuteleza. Kidole gumba kikiipitia tu kinajua: imelalia nyuma, kimya, imelalia upande wa kioo, italia. Huna haja ya kuitoa mfukoni. Hii mpya (siitaji jina, msije mkageuza uzi kuwa mechi) ina kitufe, na kitufe hakisemi kitu. Ukikigusa saa yoyote kiko vilevile.

Sasa niambieni, ni nani alilalamika kuhusu swichi mpaka ikatolewa?

#2 Section58 (Nakuru)

Pole. Ohangla ya kasi au ya taratibu?

#3 Mvuvi_wa_Nyuzi

Hilo halihusiani na swali.

#4 Section58

Linahusiana sana. Ingekuwa ya taratibu wangedhani iko kwenye ratiba ya mazishi.

#5 Kijana_wa_Njoro

Tuweke tarehe sawa kwanza, maana uzi wa namna hii hujaa uvumi. iPhone ilikuwa na swichi hiyo tangu ile ya kwanza ya 2007. Iliondolewa Septemba 2023 kwenye 15 Pro na 15 Pro Max, mahali pake kikawekwa kitufe kinachoitwa Action Button. 15 ya kawaida ilibaki na swichi. Mwaka 2024 iPhone 16 zote zikapata kitufe, na Februari 2025 hata 16e ikafuata.

Upande wa Android, waliosifika kwa swichi ni OnePlus. Yao ina ngazi tatu, tangu OnePlus 2 ya 2015. Waliitoa kwenye 10T mwaka 2022, watu wakapiga kelele, ikarudi kwenye 11 mwaka 2023. Halafu 2025 kwenye 13s wakaweka kitufe.

Sababu ni maji tu, jamani. Kitu cha kuteleza kinahitaji mfereji wa kutelezea, na penye mfereji maji yatapita.

#6 FundiWaKondele (Kisumu)

Kijana, tarehe nakupa, maji umeyasingizia. iPhone XS ya 2018 ilikuja na kiwango cha kuzuia maji cha IP68, swichi ikiwapo. Kuanzia 12 wanasema mita 6 kwa dakika 30, na 12, 13 na 14 zote zina swichi. Nafungua simu kila siku. Nyingi ninazoletewa zimekunywa maji ni zile zilizowahi kufunguliwa, fundi akarudisha kioo bila kupaka gundi upya, au kioo cha nyuma kimepasuka na mwenyewe amekifunika na selotepu.

Kinachoiua swichi ni uchafu. Nikiifungua nakuta pamba ya mfuko wa jinzi imesokotana na vumbi kama utambi wa koroboi. Swichi haifiki mwisho wa mfereji, inasimama katikati, simu inakuwa kimya, inalia, kimya, inalia, mwenyewe anadhani ina mapepo. Brashi laini, tone la spiriti, uisogeze mbele na nyuma mara ishirini hivi, unaenda zako.

Kitufe je? Chini yake kuna kibati kidogo cha mviringo chenye mgongo. Ukibonyeza, mgongo unaingia ndani, tk, ukiachia unarudi. Siku kikichoka hakuna brashi ya kukisaidia, ni kubadilisha fleksi nzima, ule utepe wa nyaya. Kwa hiyo mimi kama fundi navipenda vitufe, vinalisha watoto. Mimi kama mwenye simu, hapana.

#7 Nyar-Dunga

@FundiWaKondele simu yangu imefika wapi? Ile ya kitufe cha pawa.

Na kwa mada: ninyi mnaozungumzia vioo na vitufe hamjawahi kuuza samaki. Mkono ukiwa na maji na magamba kioo hakinisikii kabisa. Natelezesha ili nipokee, kinaruka kwingine, mteja amekata. Kitu chochote kinachobonyezwa au kusukumwa kweli, nakichukua. Swichi, kitufe, hata bawaba ya mlango wakiweka pembeni nitaitumia.

#8 MwalimuWaFizikia (Bungoma)

Mnajadili vumbi na maji mkiacha tofauti yenyewe. Angalieni nyumbani kwenu. Swichi ya taa ukutani hubaki pale ulipoiacha. Kitufe cha kengele ya mlangoni hurudi chenyewe. Stima ikipotea saa mbili usiku mkaenda kulala, ikirudi saa tisa taa ya sebuleni huwaka na kuwaamsha nyote, kwa sababu swichi ilikumbuka kwamba mlikuwa mnaitaka. Mikrowevu haiendelei ilipoachia, maana kitufe chake hakikumbuki chochote.

Swichi imebeba kumbukumbu yake mwilini. Kitufe kinategemea kumbukumbu ya mwingine, yaani programu. Ndugu yetu pale Nyakach aliijua kazi ya kitufe lakini hakuijua kumbukumbu ya programu.

Sasa geuza upande wa mtengenezaji. Simu za leo zinajinyamazisha zenyewe: kwa saa, kwa mahali, kwa ratiba ya kalenda. Programu ikisema kimya, swichi imekaa kwenye mlio, nani mkubwa wa nyumba? Programu haina mkono wa kuisogeza swichi. Ukiondoa swichi, ugomvi umekwisha. Kitufe hakibishani na mtu.

#9 Kijana_wa_Njoro

Mwalimu, umepanga vizuri lakini kuna shimo. Ile hali ya Usinisumbue iliingia kwenye iPhone mwaka 2012. Imekaa nyumba moja na swichi zaidi ya miaka kumi bila kesi kufika kwa chifu. Kama ugomvi ndio ulioifukuza swichi, mbona waliuvumilia hivyo?

#10 MwalimuWaFizikia

Wengi huvumilia miaka kumi kabla ya talaka.

#11 Mkongwe_wa_Kabambe (Kakamega)

Mulembe.

Mnazungumza kama vile kitufe cha kunyamazisha kimeletwa na ndege mwaka 2023. Nokia tulizokuwa nazo sisi, ulikuwa unashikilia alama ya reli (#) na simu inaingia kimya. Ukishikilia tena inarudi. Ni mtindo uleule uliomwaibisha huyu bwana. Tochi ya Nokia 1100 ya 2003, ile iliyouzwa zaidi ya milioni 250, ilikuwa kwenye kitufe cha C. Hapakuwa na swichi pembeni, na mazishi yaliendelea salama.

#12 Section58

Mzee, mazishi yaliendelea salama kwa sababu simu ilikuwa moja kijijini na mwenyewe ndiye aliyekuwa anazikwa.

#13 Mkongwe_wa_Kabambe

Wewe kijana nitakutafuta mpaka hiyo Section 58 yako.

#14 Section58

Karibu, chai ipo. Lakini kuna kitu umesahau. Babu yangu alikuwa na kabambe ya Kichina, mulika mwizi hasa, yenye swichi ya kuteleza ubavuni kwa ajili ya tochi peke yake. Hata simu ikiwa imezimwa tochi iliwaka. Chaji ya kupiga ilikwisha lakini ya kwenda chooni usiku haikukosekana. Hiyo ndiyo swichi ninayoijua mimi: haiombi ruhusa kwa mtu.

#15 FundiWaKondele

Section58 amegusa jambo bila kujua. Wengi mnadhani swichi ya iPhone nayo ilikuwa inakata waya wa spika kama ile tochi ya babu. Hapana. Ilikuwa inapeleka habari tu: niko huku, au niko kule. Uamuzi ni wa programu. Ndiyo maana ukiweka sailenti alamu ya kuamka bado inalia, na muziki unapiga kama kawaida. Swichi inayokata njia ya umeme kweli iko kwenye simu chache sana, Librem 5 kwa mfano, ambayo ina swichi tatu za kuzima maikrofoni na kamera, mtandao wa simu, na Wi-Fi. PinePhone nazo zinazo, zimefichwa chini ya kifuniko cha nyuma. Mimi binafsi sijaletewa hata moja hapa Kondele.

#16 Kijana_wa_Njoro

Na kwa sababu ni habari tu, programu inaweza kuigeuza maana yake ukiwa umelala. iPad ya kwanza ya 2010 swichi yake ya ubavuni ilikuwa ya kufunga kioo kisizunguke. Novemba mwaka huohuo likaja sasisho, watu wakaamka swichi ileile imekuwa ya kunyamazisha. Kelele zikawa nyingi, Machi 2011 wakaruhusu mtu achague mwenyewe. iPad Air 2 ya 2014 ikaja bila swichi kabisa. Kwa hiyo Mvuvi, hata hiyo swichi unayoililia haikuwa yako.

#17 Mvuvi_wa_Nyuzi

Haikuwa yangu lakini ilikuwa inaniambia ukweli. Kidole kikigusa kinajua. Wenye nyumba wanaweza kubadilisha kazi ya mlango, lakini angalau nitaujua kama uko wazi.

#18 Zamu_ya_Usiku

Mimi ni nesi, sisemi wapi. Usiku wodini taa zimepunguzwa, nina simu kwenye mfuko wa juu wa yunifomu. Mtoto aliyelia masaa mawili amelala sasa hivi. Siwezi kuitoa simu na kuwasha kioo usoni pake ili nione kama iko kimya. Swichi niliikagua kwa kucha.

Simu niliyonayo sasa haina swichi wala kitufe maalumu, ni Android ya kawaida. Nimeweka ratiba, saa moja jioni inanyamaza yenyewe, saa moja asubuhi inarudi. Imefanya kazi vizuri kuliko mkono wangu. Shida inakuja zamu ikibadilishwa ghafla: nalala mchana na simu inalia kama soko la Kibuye, usiku iko kimya nikihitajiwa. Kwa hiyo Mwalimu yuko sawa na hayuko sawa.

Mvuvi, nani alikupigia pale hemani?

#19 Mvuvi_wa_Nyuzi

Mama watoto. Alitaka kujua kama tumeshazika.

#20 Zamu_ya_Usiku

Mara ngapi?

#21 Mvuvi_wa_Nyuzi

Mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza nilikata kwa nje ya suruali. Nilidhani nimekata.

#22 Kavakava (Nakuru)

Nauza kava na protekta, hebu nichangie. Swichi iliacha tundu kwenye kava. Kava ya 14 Pro ina tundu refu pale juu, ya 15 Pro inafunika kitufe chote. Mteja anakuja na simu mpya, anataka kurithisha kava ya zamani, haiingii. Hata ya 15 haiingii 15 Pro, zimepishana milimita moja. Nawaambia wateja wangu: wanabadilisha ili mnunue kava.

#23 MulembeBoda (Kakamega)

Yaani kampuni yenye thamani ya matrilioni ya dola ilikaa ikawaza Kavakava wa Nakuru atakula nini.

#24 Kavakava

Na nimekula. Tusidharauliane.

#25 Kimyakimya

Mimi nasema ni njama ya biashara, ila si ya kava. Kitufe kinachoweza kufanya kazi yoyote ni shamba, na kila kampuni inataka kulima pale. Mwakumbuka Samsung walipoweka kitufe cha Bixby, msaidizi wao wa sauti, 2016? Hukuweza kukibadilisha. Unataka kuongeza sauti, kidole kinateleza, msaidizi anafungua mdomo. Hakuna aliyemwita.

#26 Kijana_wa_Njoro

Galaxy S8, nayo ni 2017. Na mwaka 2019 walikubali watu wakipe kazi nyingine. Agosti mwaka huo Note 10 ikaja bila kitufe hicho, kazi ikahamishiwa kwenye kitufe cha pawa.

#27 Kimyakimya

Asante kwa tarehe. Hoja imebaki palepale.

#28 Omwana_wa_Butere

Ngojeni, hiyo ya kitufe cha pawa ndiyo iliyompata mama yangu! Nilimnunulia simu Desemba, siitaji ya kampuni gani. Mama amezoea kwamba simu huzimwa usiku ipumzike. Anashikilia kitufe cha pembeni kama alivyofanya maisha yake yote, badala ya kuzima simu inamuuliza ikusaidie nini. Akaiweka chini. Akajaribu tena, ikamuuliza tena. Akaifunga ndani ya leso akaipeleka kwa jirani, akasema ninataka kuiua na inaniongelesha.

Mpaka leo haizimi. Anaiacha mpaka chaji iishe yenyewe.

#29 Nyar-Dunga

Mama mzima amesema kweli. Kitufe cha kuzima kinachokataa kuzima si kitufe cha kuzima.

#30 FundiWaKondele

@Omwana_wa_Butere usimwache mama ateseke. Kwa Android nyingi, nenda kwenye mipangilio, tafuta "kitufe cha upande" au "kitufe cha kuwasha", halafu pale kwenye kushikilia badilisha kutoka msaidizi iwe menyu ya kuzima. Ukishindwa, vuta pazia la juu mara mbili, utaona alama ya pawa. Kwa iPhone zisizo na kitufe cha nyumbani, kuanzia X ya 2017, unashikilia cha ubavuni pamoja na kimoja cha sauti.

Na kwa vile tumefika kwenye vitufe vinavyodanganya, nina kisa. iPhone 7 ya 2016 kitufe chake cha nyumbani hakiingii ndani. Ni sahani tu. Ukikandamiza kuna kijinjini ndani kinachopiga mtikiso mfupi, kidole kinadhani kimebonyeza. Alikuja bwana mmoja amekasirika, kitufe kimekufa ganzi, amebonyeza njia nzima kutoka Maseno. Nikakibonyeza, kweli, kama kubonyeza ukuta. Nikaichomeka chaji, tukanywa soda. Simu ilipowaka nikamrudishia mkononi, akabonyeza, tk. Akaniangalia vibaya sana, akidhani nimemfanyia kiinimacho. Hakukuwa na kitufe cha kufa. Simu ilikuwa imekwisha chaji, basi.

Sikumtoza. Soda alilipa yeye.

#31 Section58

Fundi asiyetoza. Hicho ndicho kitu cha kwanza kwenye uzi huu nisichokiamini.

#32 Mkongwe_wa_Kabambe

Hapohapo kwenye kitufe cha nyumbani. Mnakumbuka kile kidoti cheupe kilichokuwa kinaelea kwenye kioo? Kila mwenye iPhone alikuwa nacho. Ukimuuliza kwa nini, anasema anatunza kitufe kisiharibike. Simu ya pesa zote hizo, kitufe hakiguswi, kama sahani za kabatini zinazongoja wageni. Kampuni ilipoona hamkigusi ikasema basi tukitoe. Mjilaumu wenyewe.

#33 Zamu_ya_Usiku

Haha, dada yangu hadi leo anacho kidoti, na simu yake haina kitufe cha nyumbani.

#34 Kijana_wa_Njoro

Lakini Mkongwe ametoa sababu ya tano au ya sita sasa: watu walikuwa hawaitumii. Jiulizeni ukweli. Wangapi kati yenu simu zenu hukaa sailenti siku nzima, mwaka mzima? Darasani kwetu sijawahi kusikia simu ikilia. Ujumbe ndio mawasiliano, anayepiga bila kuandika kwanza tunaogopa kuna msiba. Mtu ambaye swichi yake haijasogea tangu aitoe kwenye boksi, ukimpa kitufe cha kamera badala yake amepata faida.

#35 MulembeBoda

Wewe unaishi chuoni. Mimi simu isipolia sili. Iko kwenye mfuko wa koti la mvua, helmeti kichwani, upepo, injini. Naitaka ilie kwa nguvu zake zote. Swichi kwangu ilikuwa adui: nikikalia koti vibaya inajisukuma kimya, wateja watatu wamepiga, wamechukuliwa na mwenzangu wa steji. Kitufe cha kushikilia hakijisukumi ovyo. Mimi niko upande wa kampuni.

#36 Mvuvi_wa_Nyuzi

Mtu wa kwanza! Wadau, amepatikana aliyelalamika. Ni MulembeBoda wa Kakamega.

#37 MulembeBoda

Nakubali kosa. Nilipiga magoti kabisa.

#38 Masikio_Mawili (Kisumu)

Mimi nilete upande mwingine kidogo. Kaka yangu haoni. Simu yake inamsomea kila kitu, na anaitumia haraka kunishinda mimi mwenye macho. Lakini ili ajue hali ya simu ni lazima simu iseme, na kuna mahali simu haifai kusema. Yuko kanisani, ameketi mbele, anataka tu uhakika. Swichi ilikuwa kitu kimoja alichokijua bila kuiuliza simu. Alipobadilisha akaniambia sasa hata kunyamaza inabidi niiulize simu kwa sauti.

Ana kifaa cha sikioni siku hizi, kinamnong'oneza. Anasema si sawa.

#39 MwalimuWaFizikia

Hilo ndilo nililokuwa natafuta maneno yake tangu #8. Ahsante, ndugu. Mwambie kaka mwalimu anamsalimu.

#40 Probox_Ahero

Mnalia kwa simu, njooni kwenye magari. Yangu ni Probox, kila kitu ni cha kushika: hazadi pale, wipa hapa, naendesha macho barabarani. Shemeji yangu ana gari jipya, kioo kikubwa kama runinga, akitaka kupunguza ubaridi anapapasa kioo huku tunapanda Awasi malori yamejaa. Mimi nashikilia mkanda.

#41 Kijana_wa_Njoro

Na huko wanarudi nyuma. Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameweka kwamba kuanzia 2026 gari linalotaka nyota tano liwe na vitu vya kushika kwa indiketa, hazadi, honi, wipa na wito wa dharura. Jeshi la majini la Marekani nalo, baada ya meli ya kivita USS John S. McCain kugongana na meli ya mafuta karibu na Singapore mwaka 2017, liliamua kurudisha mikono ya chuma ya kuongozea mwendo badala ya vioo vya kugusa.

#42 Probox_Ahero

Umeona? Probox ilikuwa mbele ya wakati.

#43 Section58

Probox haijawahi kuwa mbele ya kitu chochote isipokuwa polisi.

#44 Kimyakimya

Turudi kwenye simu. Mvuvi, kitufe chako kinaweza kupewa kazi nyingine?

#45 Mvuvi_wa_Nyuzi

Kinaweza. Kuna orodha, tochi, kamera, kurekodi sauti, njia ya mkato.

#46 Kijana_wa_Njoro

Basi tiba ipo. Tatizo lako ni kwamba kimewekwa kugeuza: kimya kinakuwa mlio, mlio unakuwa kimya. Tengeneza njia ya mkato isiyogeuza, inayosema tu "washa Usinisumbue". Bonyeza mara moja, mara kumi, mara mia, jibu ni lilelile, kimya. Kuitoa utaitoa mwenyewe kwenye kioo ukitoka mazishini. Wenye Android: kwenye Pixel, zile simu za Google, kuna kubonyeza pawa na sauti ya juu kwa pamoja, au kuilaza simu kifudifudi mezani. Pixel 3 ya 2018 ilianza na hiyo ya kulaza.

#47 Zamu_ya_Usiku

Nilikuwa namngoja mtu aseme Usinisumbue. Mvuvi, ulisema mama watoto alipiga mara tatu mfululizo? Kwenye iPhone ile ruhusa ya simu za kurudia ikiwa imewashwa, mtu akipiga tena ndani ya dakika tatu, simu inalia hata ukiwa Usinisumbue. Android ni ndani ya dakika 15. Wanadhani anayerudia ana dharura.

Kwa hiyo hata na tiba ya Kijana, ohangla ingepigwa.

#48 Mvuvi_wa_Nyuzi

Sasa mnaniambia kosa ni la mke wangu?

#49 Section58

Hakuna aliyesema. Umesema wewe. Tumehifadhi.

#50 Mkongwe_wa_Kabambe

Hata swichi isingekuokoa siku zote, Mvuvi. Fundi ameshasema alamu hailijali neno sailenti. Mwaka 2012 huko New York, okestra kubwa imefika penye utulivu kabisa, iPhone ya mtu wa safu ya mbele ikaanza kulia, ikalia, mpaka mwongozaji Alan Gilbert akasimamisha muziki. Ilikuwa alamu. Swichi ya sailenti mwenyewe alikuwa ameiweka sawasawa.

#51 Kavakava

Aliketi mbele, amevaa suti, na bado. Basi Nyakach hamna aibu.

#52 MwalimuWaFizikia

Naona Mkongwe ambaye hataki simu za kisasa ndiye anayejua habari zake zote.

#53 Mkongwe_wa_Kabambe

Adui mjue vizuri.

#54 Mvuvi_wa_Nyuzi

Asanteni. Nimehesabu: maji (Fundi amekataa), kumbukumbu ya swichi (Kijana ana shaka), kava (Kavakava ameshiba), msaidizi wa kampuni, watu kutoitumia, na koti la MulembeBoda. Nimejaribu ile njia ya mkato ya Kijana, nimeizima pia ruhusa ya simu za kurudia. Leo mchana fundi wa bomba alikuwa getini dakika arobaini akinipigia. Nimemkuta ameketi juu ya spana yake.

#55 Nyar-Dunga

@FundiWaKondele bado sijajibiwa kuhusu simu yangu. Tangu #7.

#56 FundiWaKondele

Nyar-Dunga, simu iko tayari tangu Jumatano. Fleksi mpya. Nimekupigia mara nne kwenye ile laini nyingine uliyoniachia.

#57 Nyar-Dunga

Haikulia.